Unaenda kusoma Ujerumani? Pesa ya viza ni ya kula, si ya kuonyesha

Kama una barua ya kukubaliwa chuoni Ujerumani, hongera. Sasa kabla familia haijachapisha fulana za kukusindikiza JKIA, wacha tuongee kuhusu Sh1.8 milioni.

Hizo ndizo pesa ambazo ubalozi unataka kuona kabla ya kukupa viza ya masomo. Kwa hesabu kamili ni yuro 11,904 za mwaka mmoja. Ukibadilisha kwa Sh150 kila yuro, unapata Sh1,785,600. Unaziweka kwenye akaunti maalum ambayo Wajerumani wanaiita Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Ukishafika huko inakufungulia yuro 992 kila mwezi, miezi 12. Zaidi ya hapo hutoi, hata ulie. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hiyo ndiyo kamba yako.

Shida ni kwamba hapa mtaani pesa hii imepewa jina baya. Inaitwa "pesa ya kuonyesha". Utalisikia jina hilo kwa ajenti, kwa mjomba aliyewahi kuishi ng'ambo, hata kwenye mikutano ya harambee: "Tutafute tu hiyo pesa ya kuonyesha, akishapata viza mambo yatajipa." Ni kama vile ubalozi unataka kuipiga picha halafu kila mtu arudi na chake nyumbani.

Si hivyo. Kiwango hicho kinafuata msaada wa juu kabisa ambao serikali ya Ujerumani humpa mwanafunzi wake mwenyewe anayeishi mbali na wazazi. Bei za huko zikipanda, nacho hupandishwa. Mwaka 2022 kilikuwa yuro 861 kwa mwezi, 2023 kikawa 934, na tangu Septemba 2024 ni 992. Kwa hivyo mtu anapokuambia ni pesa ya kuonyesha, anakuambia kwamba chakula chako, kitanda chako na bima yako ni vya kuonyesha.

Na hapo ndipo vijana wengi wanapoumia.

Kuna watu wa aina mbili wanaojaza hii akaunti. Wa kwanza amejaziwa na jamaa: shamba limeuzwa, chama cha mama kimechanga, harambee imepigwa, padre akazungumza, MCA akaahidi Sh50,000 akatoa 10. Huyo ana mzigo wa shukrani, na tutaurudia. Wa pili amekopa. Alikuwa na laki tano au sita, ajenti akamwambia, "Usijali, kuna mtu wa kukuongezea." Wakati mwingine huyo mtu ni shailoki. Wakati mwingine ni mzazi amechukua mkopo wa sacco kimyakimya, hata baba mwenyewe hajui.

Twende kwa hesabu, maana hapa maneno matamu hayasaidii.

Sema mzazi amekopa Sh1.2 milioni kwa sacco. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, alipe kwa miezi 24. Huo ni mkopo wa upole kabisa, shailoki hata hatumtaji. Malipo yake yanafika takriban Sh56,500 kila mwezi, ambayo ni kama yuro 377. Mshahara wa mzazi hauwezi kubeba hiyo, kwa hivyo makubaliano, yawe ya mdomo au ya macho tu, ni kwamba wewe ndiye utatuma.

Basi mwezi wa kwanza unafunguliwa 992. Unatoa 377 za deni, unabaki na 615. Chumba, tuseme yuro 400 pamoja na maji na joto, na katika miji mikubwa kama Munich chumba cha bei hiyo ni cha kutafuta kwa tochi. Unabaki na 215. Bima ya afya ni lazima, bila hiyo chuo hakikusajili, na kwa mwanafunzi ni kama yuro 145 kwa mwezi. Unabaki na 70.

Yuro 70. Hizo ndizo za chakula, simu, sabuni, nauli na daftari, mwezi mzima. Ni yuro mbili na senti 33 kwa siku. Na bado hatujanunua jaketi.

Sasa futa deni, urudie hesabu. Ukitoa chumba na bima kutoka kwa 992 unabaki na 447. Chakula, ukijipikia, 200. Mchango wa semista ambao kila chuo hudai, ukiugawanya kwa miezi, weka 40. Simu 15. Halafu kuna ada ya redio na televisheni ya umma, yuro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, hata kama humiliki redio wala televisheni. Usicheke, barua itakuja, na ukiipuuza deni linaongezeka. Ukimaliza yote unabaki na kama yuro 170 za nguo, vitabu, jino likiuma na ada ya kibali cha kuishi. Si maisha ya kifahari lakini yanaishika. Unalala, unakula, unasoma.

Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili hakuna tofauti ya akili wala ya bidii. Kuna deni tu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa matanga yanafanyika kwenye chumba cha ghorofa ya nne, peke yako, Novemba, giza likiingia saa kumi na moja jioni.

"Lakini si atafanya kazi?" Ndiyo, hilo ndilo jibu la kila mtu. Tuliangalie vizuri.

Sheria inaruhusu. Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Na kazi inalipa: kima cha chini kilikuwa yuro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na Januari 2026 kikapanda hadi 13.90. Ukifanya saa 10 kwa wiki unapata yuro 550 na ushei kwa mwezi. Hiyo ni pesa ya maana na sitaki kukudanganya kwamba haipo. Wako Wakenya wengi wanaosukuma masomo yao hivyo, kwenye maghala, mikahawa, nyumba za wazee na maabara za chuo.

Kile ajenti hakuambii ni lini. Anakuambia "wiki ya kwanza". Wiki ya kwanza, mtu wangu, wewe si mfanyakazi, wewe ni karatasi inayotafuta karatasi nyingine. Ukipata chumba unatakiwa kujiandikisha kwa ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na huwezi bila fomu iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba. Bila kujiandikisha hupati namba ya kodi, na mwajiri anaitaka hiyo namba. Benki nyingi nazo zinataka karatasi ya anwani kabla ya kukufungulia akaunti ya kawaida, na hiyo akaunti iliyofungwa hulipa kwenye akaunti ya kawaida. Umeona mduara? Hata zile 992 zako za kwanza zinaweza kukusubiri wiki kadhaa kwa sababu ya saa ya miadi.

Halafu namba ya kodi inakuja kwa posta. Si SMS, si WhatsApp, ni barua kwa bahasha. Na kama jina lako halijabandikwa kwenye sanduku la barua la hiyo nyumba, mpeleka barua anarudi nayo. Binamu yangu aliye Leipzig alikaa wiki tatu akingoja barua iliyokuwa imesharudishwa, kwa sababu sanduku lilikuwa bado na jina la mpangaji wa zamani. Siku ya kwanza, hata kabla ya kufungua begi, andika jina lako kwa kalamu na ulibandike.

Ongeza lugha. Kozi yako huenda ni ya Kiingereza, lakini meneja wa mkahawa na bibi wa miaka 84 anayehitaji kuogeshwa hawajasoma kozi yako. Kijerumani cha ngazi ya A1 ulichosomea miezi miwili kitakusaidia kusalimia. Anayeenda akiwa na B1 anaomba kazi akiwa amesimama wima. Kama una miezi sita kabla ya safari na una pesa ya kitu kimoja tu, weka kwa lugha kabla ya simu mpya.

Kwa hivyo, mpaka hapo: ukifika Oktoba, kuwa mkweli na ujipe mpaka Januari au Februari kabla ya mshahara wa kwanza wa maana. Shailoki hajui Oktoba wala Februari. Anajua tarehe tano.

Kwa nini basi hii biashara ya "kuonyesha" imenoga hivi? Kwa sababu kuna njaa ya kutoka, na kila mwenye njaa ana mtu wa kumpikia. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin. Ndani ya siku mbili hapa nyumbani tulikuwa tunaimba kuhusu nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilijitokeza kusema hiyo namba haimo kwenye mkataba. Haikusaidia. Mabango yalishachapishwa, ofisi zilishafunguliwa kwenye ghorofa za River Road, na neno "Ujerumani" likawa na bei.

Tulipaswa kuwa na kumbukumbu ndefu zaidi. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto vyuo vya Finland na Canada. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Wako watoto ambao hawakuwahi kusafiri, na wako waliofika Finland wakaambiwa karo yao haijafika chuoni. Na huo ulikuwa mpango wenye nembo ya serikali ya kaunti. Sasa wewe unamwamini mtu mwenye meza moja na kipazasauti cha TikTok?

Kuna jambo moja ambalo Ujerumani iko nalo sawa, tena sana: vyuo vingi vya umma havitozi karo. Unalipa mchango wa semista tu, ambao mara nyingi ni kati ya yuro 100 na 350, na mara nyingi una tiketi ya basi na treni ndani yake. Ila si kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg, ambako kuna miji kama Stuttgart na Heidelberg, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa semista, na chuo cha ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Soma ukurasa wa chuo wewe mwenyewe, usisomewe.

Na kama una zaidi ya miaka 30, ile bima ya bei ya mwanafunzi kwa kawaida haikuhusu, utalipa zaidi. Wenzangu wanaoenda kufanya shahada ya uzamili baada ya kuhangaika na ajira hapa miaka mitano, hiyo ni yenu.

Sasa, chumba. Hapa ndipo pesa za mgeni huliwa kwa urahisi zaidi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Siku hiyo hiyo ya barua ya kukubaliwa, omba chumba kwenye mabweni ya wanafunzi. Foleni ni ndefu na ndiyo mara nyingi nafuu zaidi. Usingoje viza. Ukikosa, utaanza kutafuta mtandaoni, na utampata mtu mwenye nyumba nzuri sana, bei nzuri sana, ambaye kwa bahati mbaya yuko nje ya nchi. Anasema tuma dipositi, nikutumie funguo kwa posta. Huo ni utapeli wa zamani na bado unafanya kazi kwa sababu kila Oktoba kunakuja watu wapya. Usilipe nyumba ambayo wewe au mtu unayemjua hajaingia ndani.

Ukipata ya kweli, uliza kama bei ni ya chumba kitupu au pamoja na joto na maji. Wajerumani wana majina mawili ya kodi: ya "baridi" na ya "moto". Ya baridi ni kuta tu. Dipositi kisheria haiwezi kuzidi kodi ya baridi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Watu wengi hawajui hiyo sehemu ya awamu, wanafika na kutoa yuro 900 kwa mkupuo halafu wanaishi kwa mkate wiki mbili.

Ndiyo maana nasema, nje ya ile akaunti iliyofungwa, usipande ndege bila yuro 1,500 zako nyingine. Zikiwa 2,000, vizuri zaidi. Hizo ni za dipositi, kodi ya mwezi wa kwanza na chakula mpaka makaratasi yakubaliane. Kama familia imefika mwisho kabisa kwa kujaza akaunti, bado haijafika.

Mengine utajifunza kwa haraka. Jumapili maduka yanafungwa, kwa hivyo ukisahau chumvi Jumamosi utakula bila chumvi. Chupa za plastiki na mikebe ya soda ina senti 25 ndani ya bei, unazirudisha kwa mashine dukani unalipwa, kama tulivyokuwa tukirudisha chupa za soda kwa kioski. Kantini ya chuo inalisha vizuri kuliko mkahawa wowote wa bei hiyo. Unga wa ugali upo kwenye maduka ya Waafrika lakini bei yake itakufanya uanze kuheshimu viazi. Na jaketi la baridi nunua Gikomba kabla ya kuondoka. Huenda lilitoka huko huko, na sasa unalirudisha kwao.

Turudi kwa yule wa harambee, aliyejaziwa akaunti kwa upendo.

Wewe hudaiwi na shailoki. Unadaiwa na kila mtu. Kikundi cha WhatsApp kilichoitwa "Safari ya Ujerumani" hakifungwi baada ya kupaa, kinageuka. Wiki ya pili shangazi anauliza picha za theluji. Wiki ya nne anauliza kama unaweza kusaidia kitu kidogo, karo ya Brayo imekwama. Na yeye alitoa Sh20,000 yako, mbele ya watu, jina likasomwa. Utamwambia nini?

Sisi kama nchi tumezoea kumhesabu mtu aliye ng'ambo kama bomba la pesa. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na kila mwezi habari inasomwa kwa fahari kama matokeo ya mbio. Sina ubaya na hiyo. Kuna nyumba zinakula kwa sababu yake. Lakini ndani ya hizo dola kuna yuro 50 za mwanafunzi ambaye wiki hiyo hakununua nyama, na hakuna anayezitofautisha na za daktari.

Msimamo wangu ni huu, na najua shangazi wengine hawataupenda: mwaka wa kwanza, usitume. Si kidogo, si "tu ya mkate", usitume. Kuna msiba au mtu yuko ICU, hiyo ni nyingine, na hata hiyo muamue kiwango mapema, kabla mtu hajaugua. Ukituma yuro 50 mwezi wa pili, umeshawaambia watu wote kwamba una yuro 50 za ziada. Mwezi wa tatu utaeleza kwa nini hazipo, na kueleza ni kugumu kuliko kutoa.

Utaniambia nina roho mbaya, au sijui mila. Najua. Nimekaa kwenye hizo kamati, nimeshika kalamu nikiandika ahadi. Ndiyo maana nadhani kazi hii haifai kuachiwa kijana wa miaka 21 aifanye kwa simu saa sita usiku. Ifanyike siku ya harambee yenyewe. Mwenyekiti asimame aseme: hizi ni pesa za chakula na nyumba za huyu mtoto kwa miezi 12, zinatoka 992 kwa mwezi, na hizi hapa ni hesabu zake kwenye karatasi. Msimwombe mpaka mwaka ujao. Mwenye kutoa atoe akijua. Watakaonuna wanune wakiwa hapa nyumbani.

Na karatasi hiyo hiyo iwe na mwezi wa 13. Huo mwezi hausemwi kabisa. Kibali cha kuishi kikikaribia kuisha, ofisi ya wageni inauliza tena: utaishi kwa nini mwaka ujao? Lazima uonyeshe pesa tena, iwe akaunti iliyojazwa upya, ufadhili, mkataba wa kazi unaotosha au mtu wa kukudhamini rasmi. Familia iliyouza shamba mwaka wa kwanza haina shamba la pili. Mwanafunzi aliyetumia miezi 12 kulipa deni hana akiba. Lakini aliyekula pesa yake kama ilivyokusudiwa, akasoma lugha, akapata kazi ya saa 10 kuanzia Februari, anafika mwezi wa 13 na kitu mkononi. Wa kwanza na huyu walipanda ndege moja.

Mimi chuo kilinishinda mwaka wa pili, hapa hapa Nairobi, karo ilipokwama. Niliporudi nyumbani nilitumia matatu ya Sh80. Wewe ukikwama kule, nauli ya kurudi peke yake ni mshahara wa watu wengi wa miezi miwili au mitatu, na deni la sacco linakungoja pale ulipoliacha, likiwa limenenepa.

Kwa hivyo kama hesabu haifiki mwaka huu, kaa. Kaa usome Kijerumani, omba ufadhili wa DAAD kama unasomea uzamili, weka akiba, jaribu tena. Maombi ya semista ya Oktoba kwa kozi nyingi hufungwa Julai 15, na Julai 15 iko kila mwaka.

Na yule ajenti aliyekupigia mara tatu wiki hii akisema nafasi zinaisha, mpigie. Muulize huo mkopo anaokuongezea utalipwa kutoka mfuko upi, kuanzia mwezi upi, na katika huo mwezi wewe utakula nini. Weka simu kwa spika, mama asikie.